Graffiti ukutani: sanaa au uharibifu? Tunahitaji jibu kabla ya kutoa ruhusa (Dodoma)

Mdau_Makole

Habari za jioni wakuu. Kamati ya mtaa imegawanyika, naomba msaada wa wenye ujuzi.

Kuna ukuta wa uzio unaotazama barabara. Urefu mita 24, kimo mita 2.2, ni wa bloku na umepigwa plasta miezi miwili iliyopita. Vijana wa mtaa wanaomba wauchore kwa rangi za kupuliza. Wazee kadhaa wanasema graffiti ni uhuni hata ikipendeza, na kwamba ukuta huu ukiruhusiwa, kuta zote za jirani zitajaa chata, yaani majina na alama za kupulizwa ovyo. Upande wa pili unasema ni sanaa kama sanaa nyingine.

Maswali yangu ni mawili. Mpaka wa sanaa na uharibifu uko wapi hasa? Na kazi ikiruhusiwa, ifanyweje isije ikabanduka mvua za Desemba zikianza?

MaweYaIrangi

Mkuu, kwa swali la kwanza mkoa wetu una mfano mzuri kuliko New York inayosifika kwa graffiti, nao uko Kolo, wilaya ya Kondoa. Michoro ile, ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni rangi juu ya mwamba iliyoachwa na watu tusiowajua majina. Kuna wanyama kama twiga na pofu, na kuna watu wembamba warefu, wengi kwa wekundu unaotokana na udongo wenye oksidi ya chuma. Sehemu nyingine michoro meupe ya baadaye imepita juu ya ile myekundu. Yaani hata kale watu walichora juu ya kazi za wenzao, na leo tabaka zote mbili ni urithi.

Sasa mtu apande leo na kipande cha mkaa, aandike jina lake na tarehe ubavuni mwa twiga. Huo ni uharibifu, na sababu yake ni ya kifundi kabisa. Mwamba hauna plasta unayoweza kubandua ukapiga upya. Rangi ya kale ni utando mwembamba ulioshikana na uso wa jiwe, kwa hiyo brashi yoyote itakayotoa mkaa itatoka na twiga. Wanaomwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha ya simu wanaharibu vilevile, kwa njia ya taratibu zaidi: maji huyeyusha chumvi iliyo ndani ya jiwe, yakikauka chumvi inahamia juu, inaganda kama unga mweupe na kuisukuma rangi mpaka inapukutika.

Kwa hiyo mimi naanza na kuuliza kuna nini chini ya rangi mpya, na kama kinaweza kurudishwa. Plasta ya miezi miwili inarudishwa kwa ndoo moja ya rangi. Mchoro wa Kolo haurudishwi kwa fedha yoyote. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mchoro wowote wa mwambani uliofanywa kabla ya mwaka 1863.

Jambo moja bado ni gumu, sitalificha. Mungomi wa Kolo ni mahali pa matambiko hadi leo, na pombe ya tambiko inayorushwa mwambani inagusa michoro. Kwa mhifadhi hilo ni doa. Kwa wazee wa pale, mwamba usiotambikiwa umekufa. Mimi siwezi kuliita hilo uhuni.

Sheria_kwa_Kiswahili

Naongezea upande wa sheria kwa ufupi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haiulizi kama picha ni nzuri. Kifungu cha 326 kinahusu kuharibu mali kwa makusudi na bila haki, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Neno la kushikilia hapo ni "bila haki". Angalieni kuta zetu wenyewe: ile X nyekundu kwenye nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara, na yale maandishi ya NYUMBA HII HAIUZWI, yote ni rangi ya mkono ukutani, na mengine hayavutii hata kidogo. Hakuna anayeyaita graffiti, kwa sababu aliyeandika ana mamlaka au ni mwenye nyumba.

Basi pateni barua ya mwenye ukuta, isainiwe mbele ya mtendaji wa mtaa, nakala moja ibaki ofisini. Mchoro wa rangi uambatanishwe, vinginevyo ruhusa ya kuchora ndege itatumika kuchora jambo jingine. Andikeni muda wa ruhusa, kwa mfano miaka mitatu, nani anagharamia marekebisho, na siku ngapi za taarifa kabla ya kufuta. Jina au nembo ya biashara isiwepo, maana hapo halmashauri inaweza kuliona kama tangazo, na matangazo yanalipiwa.

Kipengele cha taarifa msikidharau. Kule Queens, New York, mwenye majengo ya 5Pointz aliwaruhusu wachoraji kwa miaka mingi, halafu mwaka 2013 akazipaka kazi zao rangi nyeupe usiku bila kuwaambia. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.75. Uamuzi huo ulifuata sheria ya Marekani ya mwaka 1990, haitufungi sisi, lakini Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inamtambua mchoraji kuwa na haki juu ya kazi yake. Ukuta ni wa mwenye ukuta, picha ni ya aliyeichora. Malizeni hilo kwenye karatasi mapema.

FundiRangi_Kizota

Mimi nashika swali la pili. Picha nyingi za ukutani hapa mjini zinaharibika kwa sababu ya ukuta wenyewe, mkono wa mchoraji hauna kosa.

Plasta imevuka siku 28, hilo ni zuri, ila saruji yake bado ni kali. Ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja, ule ukali unaigeuza kama sabuni, inakuwa laini na kuvimba. Kwanza gongeni ukuta mzima kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama mtungi mtupu plasta imeachia. Vunjeni na kurudishia kwa saruji ndoo moja na mchanga ndoo nne, halafu kiraka hicho nacho kisubiri siku 28. Kisha kateni nailoni nyeupe ya sentimita 50 kwa 50, ibandikeni kwa gundi ya karatasi pande zote, karibu na chini, mwache saa 24. Ikitoa jasho upande wa ndani, ukuta bado unanyonya maji kutoka ardhini na hakuna rangi itakayokaa.

Mkiona unga mweupe, hiyo ni chumvi. Isugueni ikiwa kavu kwa brashi ngumu na kuifagia mbali. Msiioshe. Ukiosha unairudisha ndani, na itatoka tena chini ya rangi.

Baada ya hapo praima ya kuzuia ukali wa saruji, mkono mmoja (yaani kupaka mara moja), ikauke siku nzima. Rangi ya msingi iwe rangi ya maji ya nje. Eneo lenu ni mita za mraba 52.8. Kwa plasta ya kawaida lita moja inafika kama mita za mraba 8, kwa hiyo mkono mmoja ni lita 6.6 na mikono miwili ni lita 13.2. Ndoo ya lita 20 inatosha na kubaki. Hayo mabaki msiyagawe, nitaeleza chini.

Kopo la kupuliza la mililita 400 linafunika mita za mraba 1.5 hadi 2 tu. Kujaza ukuta wote kwa makopo ni kuchoma fedha. Maeneo makubwa yajazwe kwa rola, makopo yabaki kwa mistari, vivuli na kufifisha rangi. Kama theluthi moja ya eneo itapulizwa, wekeni makopo 12 hadi 15 pamoja na yanayopotea kwa upepo.

Mchoro upimwe: karatasi ya sentimita 120 kwa 11, miraba ya sentimita 2.5, na ukutani miraba ya sentimita 50 kwa uzi wa chaki, kila mraba mdogo uhamishiwe kwenye mkubwa wake. Kopo litikiswe dakika mbili. Sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani unapata mstari mkali, 25 hadi 30 unapata ukungu. Michirizi inatokea mkono ukisimama huku kidole kimebonyeza, basi anza kusogeza mkono ndipo ubonyeze. Ukimaliza, pindua kopo na upulize hewani hadi itoke gesi tupu, kichwa kisizibe.

Fanyeni kazi saa 12 asubuhi hadi saa 4. Baada ya hapo jua la Dodoma linapasha ukuta, rangi inakauka juu kabla haijashika, na upepo wa mchana unaleta vumbi linaloganda ndani ya rangi mbichi. Makopo yawe kivulini, yakipata joto zaidi ya nyuzi 50 yanaweza kupasuka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa tina. Inatakiwa ile yenye kichujio cha mvuke.

Sentimita 50 za chini msichore kitu. Pakeni kahawia ya udongo, kwa sababu mvua ikipiga chini inarusha tope jekundu mpaka hapo. Na wekundu wa bei rahisi unapauka haraka juani. Chagueni wa oksidi, ule wa familia moja na wekundu wa Kolo.

Mdau_Makole

Asanteni sana, wakuu. Wazee watauliza tu: chata zikija juu ya picha au ukuta wa jirani, je?

FundiRangi_Kizota

Hofu yao ina msingi, lakini kuwafukuza vijana si dawa. Philadelphia walianza mwaka 1984 na mpango wa kupambana na graffiti. Mchoraji Jane Golden akaajiriwa kufanya kazi na waliokuwa wakipiga chata, na humo ndimo ulimotoka mpango mkubwa wa michoro ya kuta za mji ule.

Kwa ufundi: picha ikikauka wiki mbili, ipakeni vanishi ya akriliki isiyong'aa, mikono miwili. Ya mbao hapana, inageuka njano. Chata ikija ifunikwe ndani ya siku mbili. Msipake rangi ya maji juu ya kalamu ya wino, wino unapenya na kurudi juu. Tangulizeni undakoti ya mafuta, ikauke, ndipo rangi ya msingi. Hapo ndipo yale mabaki ya ndoo yanapohitajika: yahifadhini kwenye kopo lililojaa hadi mdomoni, lifungwe vizuri, likae kivulini, na juu yake andikeni namba ya rangi na tarehe.