Advent of Code kwa JavaScript: konsoli ya brauza au Node?

kodi_tanga: Wakuu habari zenu. Desemba nataka nicheze Advent of Code, yale mafumbo ya kuandika kodi ya kila mwaka, mpaka siku ya mwisho, tangu 2025 mafumbo ni ya siku 12 badala ya 25 kwa hiyo sina kisingizio. Sasa hivi najifua na ya 2021. Niandikie kwenye konsoli ya brauza au niweke Node, ile ya kuendesha JavaScript nje ya brauza? Siku ya 6, fumbo la kuhesabu samaki wanaozaana, sehemu ya kwanza konsoli imenipa jibu, ya pili brauza inaganda mpaka naifunga kwa nguvu.

binti_wa_lupu: Mimi konsoli sibanduki. Fumbo linatoka saa mbili asubuhi kwa saa zetu, unafungua ukurasa wa data yako, F12, `document.body.innerText.trim().split("\n")` umemaliza, mambo ya kusoma faili hamna. Ila ukirifreshi tu kila kitu kimeondoka.

mzee_semikoloni: Node mkuu. Weka mfano.txt na data.txt, anza na mfano kwa sababu jibu lake limo kwenye fumbo lenyewe, likipishana unajua umekosea kabla hujatuma, maana ukituma jibu la makosa unasubirishwa. Halafu `node --watch siku6.js`, kila ukisevu inajiendesha.

hesabu_kwanza: Jamani hapo hata Node inakufa! Kila samaki ana namba ya siku zilizobaki azae, baada ya 0 anarudi 6 na anazaa mwenye 8. Wewe bila shaka unapush, yaani unaongeza, samaki mmoja mmoja kwenye arei (orodha). Siku 80 za mfano wanafika 5934, siku 256 wanafika 26984457539, na arei ya JavaScript haivuki 4294967295 hata uwe na RAM ya namna gani. Samaki wenye namba sawa hawana tofauti, wahesabu kwa makundi 9 tu kwenye arei `h`, kila siku:
`const w = h.shift(); h[6] += w; h.push(w)`

kodi_tanga: Duh kweli napush. Niweke data yangu hapa muijaribu?

mzee_semikoloni: Usiweke. Eric Wastl mwenye mafumbo ameomba data zisisambazwe.

kodi_tanga: Imetoka papo hapo, tena kwenye konsoli ile ile! Asanteni sana. Nimehamia Node sasa, siku ya 7 ya kaa wanaotakiwa kukutana sehemu moja kwa mafuta machache, nimepanga namba nikachukua ya katikati, mfano unatoa 37 sawasawa, data yangu inakataa.

binti_wa_lupu: Umeandika `sort()` tupu?

kodi_tanga: Ndio dada.

binti_wa_lupu: Hapo ndipo. `sort()` tupu inapanga kama maneno, 14 na 16 zinakaa kabla ya 2. Kwenye mfano nafasi ya katikati imeangukia 2 kwa bahati tu ndio maana ukapita, mimi pia ilinila asubuhi nzima. Andika `sort((a, b) => a - b)`.

kodi_tanga: Jibu limekubaliwa, nyota imewaka!!