Ushauri: mwanangu anataka kusomea magari ya kuruka

Papa wa Kamalondo
Jambo yenu. Kijana wangu amepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Mimi naona aingie Polytechnique, kitivo cha uhandisi hapa Lubumbashi, asome umeme. Yeye anataka makuta (pesa) ya familia yampeleke nje akasomee magari ya kuruka. Eti miaka kumi tu, yatajaa angani. Utotoni nilisoma gazeti pale parokia, likatuahidi hayo hayo kwa mwaka 2000, pamoja na likizo mwezini na umeme wa atomi wa karibu bure. Mtoto ana akili, sitaki kumvunja moyo. Ahadi zile zilikwama wapi?

Yaya Fundi
Papa, waliotabiri walikuwa na sababu. Mwaka 1969 watu walitua mwezini, na Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kupita sauti, ikaruka mara ya kwanza. Nani asingeamini? Lakini Marekani ilikuwa inashindana na Wasovieti. Iliposhinda, makuta yakakatwa, na tangu Desemba 1972 hakuna mtu aliyekanyaga mwezi tena. Concorde ilibeba abiria kama mia moja, mafuta ikayanywa kupita kiasi, kelele zake zikaifungia njia nyingi za juu ya nchi kavu. Mwaka 2003 ikastaafu. Mitambo yenyewe ilifanya kazi vizuri. Mlipaji ndiye aliyekosekana.

Gari la kuruka linalotumia betri lina mzigo mwingine: kilo moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri. Kuinua chuma wima kunataka nguvu nyingi mno.

Mama Ruashi
Tusiseme kama mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 1977 Wajerumani wa kampuni ya OTRAG walirusha roketi hapa hapa Katanga, upande wa mto Luvua. Mwaka uliofuata moja ikaanguka mbele ya Rais Mobutu. Wasovieti walilalamika sana, na 1979 kazi ikasimamishwa. Siasa nayo inaua teknolojia.

Mwanafunzi wa Poly
Mimi nasema msimzimishe. Simu ya picha ilionyeshwa New York mwaka 1964. Ilipoanza kuuzwa Pittsburgh mwaka 1970 ilikuwa dola 160 kwa mwezi, watu wakaikataa. Leo bibi yangu wa Likasi ananiona kwa WhatsApp kila jioni. Wazo lilisubiri vitu vingine vishuke bei. Papa, aanze umeme hapa, kisha aelekee kwenye betri. Kobalti, madini ya betri, inachimbwa kwetu. Anayejua kuipunguzia betri uzito atatafutwa hata na hao wa magari ya kuruka.

Papa wa Kamalondo
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Ya Concorde ameyakubali, ya betri amebisha: anasema hiyo mara 40 itapungua. Nimemwambia aandike hesabu yake. Yaya Fundi, Jumapili baada ya misa naweza kumleta kwako mzungumze?

Yaya Fundi
Mlete, Papa. Aje na daftari. Nina betri ya pikipiki iliyofunguliwa, tutaipima pamoja.