Naomba ushauri: kamera ya mkanda na jua la Dodoma

Wakuu, habari za majukumu.

Jumamosi mnadani Msalato nimepata kamera ya mkanda (filamu), Olympus Trip 35, kwa sh 35,000. Haihitaji betri kabisa, inapima mwanga kwa seli ya seleni (inageuza mwanga kuwa umeme) iliyoizunguka lenzi, na penye giza kibendera chekundu kinajitokeza kwenye kidirisha cha kuchungulia, inagoma kupiga. Nimeijaribu ndani nimefunga mapazia, kikatokea. Uani juani ikaitika. Ule mlio wake mdogo, jamani, nimeupenda!

Sasa nataka kwenda nayo Hombolo nikampige bibi picha akiwa kwenye zabibu zake. Kasi zake za kufunguka na kufunga ni mbili tu, 1/40 na 1/200 ya sekunde, na tundu la lenzi likibana kabisa linaishia f/22. Kwa hesabu zangu, mkanda wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga, namba ikiwa kubwa mwanga kidogo unatosha) kwenye jua kali la saa sita unafika ukomo kabisa. Nichukue wa 200? Ama seli ikizeeka inadanganya vipimo?

Na waliopo Dodoma, mikanda ya rangi mnasafishia wapi? Kama ni lazima kuituma Dar kwa basi, mnaikingaje na joto la njiani? Bibi ana miaka 84, sitaki picha zake ziharibike.