Nyumba ya kutisha Malindi: moshi unapanda darini, watu wanarudi nyuma

BintiMambrui
Salaam aleikum wanajamvi. Tunatayarisha nyumba ya kutisha (watu wanapita chumba kwa chumba wakishtuliwa na waigizaji) hapa Malindi kwa likizo ya Agosti, katika nyumba ya mawe ya kukodi. Kuna vyumba 5 vyembamba vya boriti, upana mita 2.5 hivi, choo cha kale chenye birika, na mlango wa nyuma unaotokea uani chini ya banda la makuti. Jaribio la kwanza tuliingiza kundi la watu 12 na kasoro zikajitokeza. Moshi wa mashine (ile ya maharusini) unapanda na kuwaingia watu machoni badala ya kutambaa sakafuni. Wanaoshtuka ni wawili wa mbele, wa nyuma wanacheka. Akitishwa mtu chumba cha 3 anageuka na kugongana na wenzake kizingitini. Na mwigizaji wa kinyago cha mpira anaishiwa pumzi upesi. Tumeshauriwa kununua vinyago vya bei zaidi, lakini naona tatizo liko kwingine. Tuanzie wapi?

FundiTaa
Waleikum salaam dada. Umeona vyema, kinyago kiache kwanza. Kundi lisizidi watu 5. Mwigizaji awaache wawili wa mwanzo wapite, amtokee wa tatu ubavuni, kidogo kwa nyuma. Hapo wa mwisho wanaona kila kitu, wa mbele wanasikia ukelele mgongoni, na wote wanakimbilia mbele, kule kule unakotaka waende. Anayetokea uso kwa uso anaziba njia, ndiyo maana wanakurudia kizingitini.

Kabla hajatokea, wape cha kutazama upande wa pili. Kitaa kinachofifia ndani ya kidaka cha kushoto kinatosha. Macho yakishakwenda huko, mtu atoke kulia. Asizidi sekunde 3, arudi gizani. Akibaki amesimama wanaanza kumkagua viatu.

Foleni huamuliwa na chumba kinachochukua muda mrefu kuliko vyote. Kikitumia dakika 3, utaingiza kundi la watano kila dakika 3, yaani watu 100 kwa saa, hata vyumba vingine viwe vyepesi vipi. Kipunguze hadi dakika 2 ufikie 150. Ukiwaharakisha mlangoni kupita hapo, makundi yanakutana ndani na la pili linamkuta mwigizaji akijipanga upya.

Usisahau macho. Mtu akitoka kwenye mwanga huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kabisa. Fungua baada ya Isha, na wangojee dakika 5 katika chumba chenye taa nyekundu hafifu. La sivyo wanaingia wakipapasa kuta na mandhari uliyoihangaikia hawaioni.

Kaskazi77
Moshi huo ni maji na glaikoli (kimiminika kizito chenye utelezi) iliyopashwa moto. Ukitoka wa moto lazima upande, kwa hiyo upoze. Chukua sanduku la barafu la wavuvi. Toboa tundu la sentimita 10 juu upande mmoja, na jingine la kipimo hicho chini upande wa pili, utie vipande vya bomba la plastiki. Ndani tandika wavu wa kuku, sentimita 10 juu ya sakafu ya sanduku, ubebe barafu. Vipande viwe kama ngumi. Ile iliyosagwa ya kuwekea samaki inashikana, moshi unakosa njia na kukurudia. Toboa pia kijitundu cha kutolea maji chini kabisa. Kati ya mdomo wa mashine na bomba acha sentimita 5 zivute hewa.

Moshi ukianza kuinuka tena, angalia barafu kwanza, karibu kila mara huwa imekwisha. Zima feni. Na Agosti ni kusi, kwa hiyo ziba nyufa za madirisha ya upande huo, maana upepo mdogo tu unaubeba moshi wote. Piga sekunde 3 hadi 5, pumzisha. Sakafu ya saruji ikilowa glaikoli inateleza vibaya, kuwe na mtu wa kupangusa kila baada ya makundi machache. Dizeli au mafuta ya aina yoyote usitie kabisa.

MzeeWaShela
Mwanangu, mimi linalonishughulisha ni banda la makuti. Tarehe 11 Mei 1984, kule New Jersey, Marekani, vijana 8 walifia ndani ya nyumba ya kutisha iliyoundwa kwa matrela yaliyounganishwa. Sponji la ukutani lilishika moto, hapakuwa na vinyunyizio vya maji, na ndani mlikuwa na giza na njia za kupindapinda. Baada ya hapo kanuni za Marekani zilianza kudai vinyunyizio katika majengo ya namna hiyo.

Basi sponji na magodoro usiyapeleke ndani. Mishumaa na vyetezo vya makaa pia hapana. Taa zote ziwe za LED za volti 12. Vitambaa viwe vya pamba, uvichovye katika maji ya moto yenye gramu 70 za boraksi na 30 za asidi ya boriki (unga mweupe wa kuzuia moto) kwa kila lita, uvianike bila kusuuza. Kata ukanda, upeleke nje, ushikie kiberiti sekunde 12. Ukiondoa kiberiti na kitambaa kikaendelea kuwaka, hakijawa tayari. Poliesta haipokei dawa hiyo, na kitambaa kikilowa tena dawa inatoka.

Banda bomoeni, au njia ya kutokea ielekee kwingine. Umati wenye hofu usitokee chini ya makuti makavu. Njia iwe na upana wa sentimita 110, mlango usifungwe kwa kufuli, na kila kizingiti kipigwe utepe unaong'aa gizani, kwani vizingiti vya nyumba hizi ni virefu na mtu anayekimbia haviinulii mguu. Kuwe na swichi moja ya kuwasha taa zote na kuzima sauti, na kila mwigizaji ajue neno la kuiitisha. Waite zimamoto wa kaunti wapite ndani kabla ya kufungua.

BintiMambrui
Shukran sana. Banda tutalishusha. Choo tulikiacha kitupu kwa udogo wake, tukafikiria kuweka taa za kumwekamweka. Mnaonaje?

AsuminiUani
Dada, hicho choo ndicho chumba chako bora na hakitaki taa hizo. Kumwekamweka mara 3 hadi 30 kwa sekunde kunaweza kumwamshia kifafa mwenye kuathirika, na hapo mlangoni huwezi kumjua. Ukilazimika, kusifike mara 3 kwa sekunde, na tangazo liwekwe nje pamoja na la wajawazito na wenye maradhi ya moyo.

Jaza birika. Tundika kata ya kifuu juu yake, kwenye msumari uliopo. Fungia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki kwenye mpini, upitishe kwenye tundu la dirisha hadi kwa mwigizaji aliye nje. Watu watano wakishajibana mlangoni, avute kidogo kata iguse maji, anyamaze hadi mawimbi yatulie, avute tena. Taa moja ya rangi ya manjano ielekee majini, mawimbi yacheze ukutani. Mshipi wa nailoni hung'aa ukipigwa na mwanga wa pembeni, kwa hiyo usugue kwa msasa laini na uupake rangi nyeusi isiyong'aa. Kila mtu wa pwani ameshasikia maji yakitekwa chooni usiku. Kinyago hakifiki hapo.

Mapambo ya aya, sanda na makaburi msitumie. Watu wana maiti wao, na majini si mchezo kwa wengi wetu. Sauti zizimwe wakati wa adhana.

Kuhusu mwigizaji, zamu isizidi dakika 20, kisha maji na kivuli kwa muda kama huo. Kinyago kikatwe chini ya pua, kidevu kipakwe rangi ya uso, apumue kwa mdomo wazi. Amri mbili kwake. Asimguse mtu hata kwa ncha ya kidole, na anayechutama au kulia amwachie nafasi papo hapo, arudi nyuma na anyamaze mpaka msimamizi aje kumtoa.