Amekata tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya katamarani yangu kwa chenso, kisha ananiuliza kama sijabakiwa na mtumbwi mwingine

Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa hasira inanipanda hadi kooni. Nimetoka sasa hivi kwenye karakana ya yule bwana ambaye sote hapa Moshi tunamjua, yule ambaye kila aliyewahi kumwagiza kabati ana kisa chake, na jina lake silitaji kwa kuwa halina haja ya kutajwa.

Wengi mnakumbuka kwamba niliichukua katamarani iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe kule Tanga, aliyoijenga marehemu baba yangu mdogo uani kwake kwa ramani ya Tiki 21 ya Mwingereza James Wharram, yule yule aliyevuka Atlantiki ya Kaskazini mwaka 1959 kwa katamarani ya kujijengea. Ni mitumbwi miwili ya futi 21, ya plaiwudi ya milimita 6 iliyoshonwa kwa waya wa shaba na kushikizwa kwa gundi ya epoksi, na boriti zinazoiunganisha hazikupigwa bolti bali zimefungwa kwa kamba, ili wimbi likija chombo kijinyonge kidogo badala ya kupasuka. Hata neno lenyewe katamarani limetoka katika Kitamili na maana yake ni miti iliyofungwa. Ni kwa sababu ya kamba hizo kwamba niliweza kuifungua yote, kuipakia kwenye lori na kuipandisha huku, mahali ambapo mbao hukauka vizuri kuliko pwani.

Nimeifanyia kazi miezi saba. Nimekwangua rangi ya zamani, nimeondoa plaiwudi iliyooza kwenye ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, nimeweka viraka kwa viungo vya mshazari vyenye urefu mara 8 ya unene wa ubao, na baridi ya Julai ilipoifanya epoksi kuwa nzito kama asali nilikuwa ninapasha makopo yake kwenye maji ya moto kabla ya kuchanganya. Nimekwisha kuchonga foromali mpya, ule mti unaobeba tanga, kwa maana ninalibadilisha tanga lake la asili na kuweka la pembetatu kama la ngalawa, ambalo fundi yeyote wa Tanga anaweza kulishona na kijana yeyote wa huko anaweza kulishika.

Huyu bwana nilimpa kazi moja tu, nayo ni kupiga ukanda wa mbao ngumu ubavuni mwa mtumbwi wa kushoto. Nimeufuata mtumbwi huo leo mchana. Nimeukuta umefupishwa. Karakana yake ina urefu wa futi 20, mvua ya vuli ilianza kunyesha jana usiku, mlango ukawa haufungi, na badala ya kutafuta turubai yeye alichukua chenso akakata tezi yote, futi moja na nusu, pamoja na fashini ambayo usukani hufungwa juu yake! Nilipiga ukelele ambao nina hakika wapagazi walioko Kibo waliusikia na kutua mizigo. Ndipo akaniangalia kwa utulivu, huku anakula muwa, akasema, “Mangi, si umebakiwa na mwingine mzima?”

Mwingine mzima! Yaani mtu amekatwa mguu naye daktari anamuuliza kama hana mguu wa pili. Katamarani haina mtumbwi wa akiba. Mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake, uzito haulingani, tezi ya upande huo inazama, na chombo kinavutwa upande kama ng'ombe anayekataa josho. Nilijaribu kumweleza, na kabla sijamaliza akarudia mbele ya wateja wake wanne, kwa sauti ya kunibembeleza, kwamba mwingine upo na ni mzima. Kile kipande kilichokatwa, chenye matundu ya kamba aliyoyatoboa baba yangu mdogo kwa mkono wake, nimekikuta kimewekwa pumba za kuku.

Muwa alikuwa bado anautafuna.

Mama wa Kiborloni: Pole sana, kaka yangu. Huyo huyo alinitengenezea meza ya watu sita, nayo ilipokataa kupita mlangoni aliikata katikati, akaniambia kwamba sasa nina meza mbili za watu watatu. Nililipa kwa sababu nilikuwa na wageni wa Krismasi, na hadi leo katikati ya wali na nyama kuna ufa unaopitisha mkono.

Mjukuu wa Kibosho: Mimi nitasema ukweli hata kama mwenye uzi atachukia. Mtu anayetengeneza chombo cha bahari mahali ambapo maji yenye mkondo ni ya mfongo wa kumwagilia migomba amejitafutia. Kwa nini asikate mtumbwi wa pili futi moja na nusu ili yote ilingane, kisha akaendelea na maisha yake?

Mwenye uzi: Ndugu yangu wa Kibosho, chombo hiki kitajaribiwa kwanza bwawani Nyumba ya Mungu, ambako Kikuletwa na Ruvu zinaingia, na ndipo kirudi baharini Tanga. Kuhusu kukata wa pili, hayo ni maneno yale yale ya karakana. Aliniuliza kama sijabakiwa na mwingine mzima, na wewe unataka nao nisibakiwe nao!

Mvuvi wa Bwawani: Ukija bwawani ujiandae, kwa kuwa fundi wetu wa huku ni ndugu yake kwa tabia. Mtumbwi wangu aliupiga misumari ya chuma kitupu badala ya ile iliyopakwa zinki, na kabla ya mwaka kwisha kila msumari ulikuwa umelia machozi ya kutu hadi mbao zikalegea. Nilikuwa ninavua perege kwa mkono mmoja na kukumba maji kwa mkono wa pili.

Fundi Mstaafu: Tezi inarudishwa. Ondoa plaiwudi hadi mahali ambapo nyuzi zake hazikuchanika, chonga mshazari wa milimita 48 kwa ubao huo wa milimita 6, tengeneza fashini mpya ya mninga kwa kupima kwenye mtumbwi wa kulia, kisha osha epoksi kwa maji kabla ya kupiga msasa, kwa maana ikikauka kwenye baridi huacha utando kama nta. Jambo ninalolihofia ni plaiwudi yenyewe. Ile iliyoko madukani siku hizi inaitwa ya majini kwa mdomo tu.

Mama wa Kiborloni: Hapo umenena, mzee wangu! Niliinunua kwa ajili ya banda la kuku, ikanyeshewa mara moja, ikafunguka matabaka kama kitunguu.

Fundi Mstaafu: Kata kipande cha kiganja, ukichemshe saa kadhaa, ukikaushe, ukichemshe tena. Gundi ikiachia, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Mvuvi wa Bwawani: Nilichemsha kwenye sufuria ya makande, na makande ya siku tatu zilizofuata yalinuka gundi. Mke wangu alihama chumba.

Mwenye uzi: Ninashukuru kwa ushauri wa fashini, lakini ninaomba turudi kwenye tezi yangu. Mtu amesimama mbele yangu na muwa, chenso bado ina moto, akaniuliza kama sijabakiwa na mwingine mzima. Je, hakuna anayeliona hilo?

Mjukuu wa Kibosho: Mzee Fundi, hiyo sufuria ifunikwe au iachwe wazi?

Fundi Mstaafu: Ifunike, na uweke jiwe juu ya ubao, kwa sababu huelea.

Mama wa Kiborloni: Nami nina sufuria kuukuu ya mbege. Atakayenunua plaiwudi wiki hii aje nayo kwangu, tuichemshe pamoja.