Mfereji wa Erie ulilipaje deni lake? Wajuzi wa uchumi njooni

Gunia_Kibaigwa:
Wakuu habari za jioni. Mi nanunua mahindi hapa Kibaigwa, faida nyingi inaishia kwenye nauli ya lori. Sasa mdogo wangu anasoma uchumi UDOM ananiambia eti kuna mfereji Marekani ulichimbwa kwa majembe na sururu ndo ukaifanya New York iwe kubwa vile. Mfereji tu?? Na hela walitoa wapi?

Ticha_AreaC:
Dogo yuko sahihi mkuu. Walianza 1817 wakamaliza 1825, km 584 hivi, toka Albany kwenye mto Hudson, unaoshuka hadi jiji la New York, mpaka Buffalo ziwa Erie. Kina futi 4 tu, boti zinavutwa na farasi wanaotembea pembeni, na kwa vile Buffalo iko juu zaidi kwa mita 170 na ushee wakajenga vyumba 83 vya milango, boti inaingia wanafunga wanajaza maji inapanda, au wanayatoa inashuka. Na waliosimamia, akina Benjamin Wright na James Geddes, hawakusomea uinjinia, ni wapima ardhi wamejifunzia hapo hapo kazini.

Hela sasa. Serikali kuu ilichomoa, Rais Madison aligoma kusaini muswada 1817. DeWitt Clinton, gavana wa jimbo la New York, akakomaa, jimbo likakopa lenyewe kama dola milioni 7, watu wakawa wanamcheka wanauita mtaro wa Clinton. Tani moja Buffalo mpaka New York ilikuwa kama dola 100, ikashuka hadi kama 10! Ngano iliyokuwa hailipi kusafirisha ikaanza kumiminika bandarini, ushuru wa boti ukalipa deni lote.

Mkongwa_Asilia:
Ticha usipake rangi tu. 1819 kwenye vinamasi vya Montezuma wachimbaji waliugua malaria kwa mamia, wenyeji Haudenosaunee walizidi kusukumwa kwenye ardhi yao, na wakulima wa ngano New England (majimbo ya kaskazini mashariki) bei nafuu ya ngano ya magharibi iliwamaliza. Halafu njia peke yake sio dawa. Huku kwetu Kongwa Mwingereza alileta matrekta na reli 1947 kwa ajili ya karanga, mvua ikagoma, udongo ukawa mgumu kama zege, 1951 wakafunga virago. Reli ilikuwepo, mzigo wa kupakia ndo haukuwepo.

Gunia_Kibaigwa:
Nimekusoma mzee wangu. Ila nauli ikishuka anafaidi nani, mkulima au dalali?

Ticha_AreaC:
Kule bei ya shambani ilipanda na unga mjini ukashuka, maana mfereji ulikuwa wa jimbo ila boti za watu binafsi, ukilipa ushuru unapita, hakuna wa kukubania. Madalali walikuwepo tele Buffalo. Ila walioumia pale ni wabeba mizigo, 1842 Joseph Dart kajenga ghala linalopandisha nafaka kwa mashine ya mvuke, kabla yake ilikuwa mgongoni.

Gunia_Kibaigwa:
Hiyo ya ghala makuli wa hapa sokoni wasiione 😂