Mrejesho: tochi ya mama kijijini

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nimnunulie mama aliyeko Njombe tochi gani, isiyo na mambo mengi na inayodumu. Nimechukua ya LED ya betri mbili za AA, swichi moja tu: bonyeza mara moja mwanga hafifu, mara ya pili mkali. Za kuchaji niliziacha. Umeme ukikatika siku mbili inabaki pambo, ila betri kwa Mangi zipo. Ya zamani ilikufa kwa betri zilizoishiwa na kusahaulika ndani, zikavuja mpaka springi ikaota ukungu wa kijani. Mwanga hafifu unamtosha kwenda chooni na kufunga banda la kuku, na hajabadilisha betri bado. Analalamika kitu kimoja: nyepesi mno, “hata mwizi huwezi kumpiga nayo.”